SIKU MOJA MOJA ZINAMALIZA MWAKA

Mazungumuzo na wamama wa Cimpunda siku ya kupima watoto

Wale wanaosimama inje, mukaribie kidogo musikie. Mama ambaye mutoto wake analia, amupatie ziwa tu, haina neno, tutasikilizana vilevile.

Munajua desturi yetu. Mbele ya kupima watoto tunazungumuza kidogo. Mara ya kwanza tulizungumuza juu ya kuhara, kisha tukazungumuza juu ya chandarua. Leo nataka tuzungumuze juu ya masomo. Najua kuko wenye kusema mu roho yao: huyu mama muganga ameacha kazi yake, sasa amekuwa mwalimu? Mungoje kwanza. Nikimaliza mutaniambia kama neno hili haliko neno la hospitali.

Mugeuze macho, muangalie hapa ndani. Pale kwenye benchi ya nyuma naona binti mudogo, labda ana miaka 7 ao 8, amebeba mudogo wake mugongoni. Kule kwa mulango naona mwengine. Na huyu anayeshika fishi ya mama yake. Nimehesabu, wako 5. Leo ni siku gani? Siku ya tatu ya juma. Saa ngapi sasa? Saa tatu asubui. Wenzao wako wapi saa hii? Wako mbele ya tablo, wanasoma.

Musisikie haya, wamama. Sikusema vile kwa kuwapatisha haya. Munafika hapa toka asubui, munapanda na kushuka njia hizi za Cimpunda na mutoto mugongoni, mwengine mukononi, na mukoba juu ya kichwa. Mutu hawezi kufanya yote peke yake. Mutoto mukubwa ni musaada. Lakini kama ni kila mwezi, na siku ya soko tena, na siku ya maji tena, musaada huu unalipiwa na nani? Ndilo neno la leo.

KAMA VILE FISHI

Kila mumoja wenu ana fishi ya mutoto. Munajua mustari ule unaopanda. Mwezi kwa mwezi tunatia alama, na kama mutoto anakula muzuri na haugue, alama zinapanda. Mama akikosa mwezi mumoja, tunaona shimo. Akikosa miezi 3, hatujue tena mutoto anaendelea namna gani, na tukimupima tunakuta alishaanguka.

Chanjo nayo ni vilevile. Chanjo ya kwanza ya pentavalan tunaitoa na juma 6, ya pili na juma 10, ya tatu na juma 14. Kisha chanjo ya surua na miezi 9. Mutoto akipata ya kwanza peke yake, hakukingwa sawasawa. Haitoshi kuanza. Inapashwa kuendelea.

Ninyi munalijua neno hili kushinda watu wengi, sababu munarudi hapa kila mwezi. Basi masomo ya mutoto mudogo ni kama fishi ile. Kumuandikisha mwezi wa tisa na kumununulia kaye, ni chanjo ya kwanza tu. Kazi yenyewe iko ndani ya kila siku.

NGAZI ZA UDONGO

Wale wanaokaa juu munajua ngazi tunazochimba ndani ya udongo, na mifuko ya muchanga, kusudi tuteremuke bila kuanguka. Mvua ikibeba ngazi moja, unaruka. Ikibeba ngazi 2 zinazofuatana, mutu mukubwa anashikilia majani. Mutoto mudogo atafanya nini? Atakaa chini na kulia, ao ataanguka.

Kalasi ya kwanza ni ngazi kama zile. Leo mwalimu anafundisha herufi moja. Kesho anaunganisha ile herufi na ingine. Kesho kutwa anatia neno. Mutoto aliyekosa jana anakuta wenzake wanasoma neno, na yeye hajue herufi. Mwalimu ana watoto wengi mbele yake. Tangu masomo ya musingi yalitangazwa kuwa bure mwaka wa 2019, kalasi nyingi zimejaa kabisa, watoto wanabanana kwenye benchi. Hawezi kurudia kwa ajili ya mutoto mumoja.

Tena kuko neno la luga. Nyumbani mutoto anasikia Kiswahili, anasikia Mashi kwa koko yake. Kifaransa anakisikia wapi? Ku masomo. Akikosa siku ile, maneno yale hawezi kuyaokota nyumbani wala kwa robine wala ku soko. Yamepita.

Sasa tuhesabu pamoja. Tuseme mwaka wa masomo una juma 36. Mama anakosesha mutoto siku moja tu kwa juma. Siku moja, ni kitu gani? Lakini siku moja mara 36 ni siku 36. Ukihesabu siku 5 za masomo kwa juma, ni juma 7 na siku 1. Ni karibu miezi 2 mutoto hakuketi mu kalasi. Na mama atasema bila kudanganya: mutoto wangu anasoma, hajaacha masomo. Ni kweli, hajaacha. Lakini mwaka umetoboka kama kikapo cha zamani: unatia maharagi, yanaangukia njiani, na wewe unasikia tu kikapo ni chepesi.

NENO LA NYUMBA YANGU

Nitawaambia neno la nyumba yangu mwenyewe, kusudi musizani kama nasimama juu na ninyi muko chini.

Wakati mutoto wangu wa tatu alizaliwa, nilikuwa nafanya kazi ya usiku. Bwana yangu alikuwa mbali, anatafuta kazi. Binti yangu wa kwanza alikuwa kalasi ya kwanza. Asubui nilirudi na usingizi, macho mekundu. Mutoto mudogo analia, sahani za jana ziko pale. Nilimwambia binti yangu: "Leo ubakie na mudogo wako, nilale kidogo. Kesho utaenda." Alivua uniforme yake, akaikunja, akaiweka juu ya kiti. Hakukatala hata siku moja. Watoto wazuri ndio wanaokosa sana, sababu hawakatale.

Haikuwa kila siku. Kwa roho yangu nilizani ni siku moja kwa juma, labda mara moja moja 2.

Mwezi wa tatu mwalimu aliniita. Alifungua kaye yake ya kuita majina. Kwa kila siku mutoto hakuwe pale, alitia musalaba mudogo. Akaniambia: "Mama, uhesabu mwenyewe." Nilihesabu na kidole. Ilikuwa 41. Nilisema pale pale: "Hapana mwalimu, haiwezi kuwa mingi vile." Akanyamaza. Nikahesabu tena. Ilikuwa 41.

Kisha akamuita binti yangu asome. Mutoto akashika kitabu, akasoma ukurasa muzima bila kukosa. Nikafurahi. Mwalimu akafunika picha na mukono, akaonyesha neno moja katikati, peke yake. Mutoto akanyamaza. Akaonyesha lingine. Akanyamaza. Alikuwa ameshika ukurasa ule kwa masikio tu, kwa kusikia wenzake wakisoma. Macho yake hayakujua kitu.

Mwisho wa mwaka alirudia kalasi. Siku ya kutoa bileti wenzake walipanda, yeye akabaki. Njiani hakulia. Tulipofika karibu ya nyumba aliniuliza tu: "Mama, ni sababu niko mujinga?"

Wamama, nimeona magonjwa mengi katika kazi hii, lakini neno lile liliniumiza kushinda. Nilimujibu: "Hapana. Hauko mujinga. Ni mimi nilikukosesha." Mwaka wa pili alikosa siku 4, na zote zilikuwa za malaria. Akasoma. Kichwa kilikuwa kile kile. Kilichobadilika ni siku.

Basi mukisikia watu wanasema: mutoto huyu ana kichwa kigumu, muulize kwanza: alikosa siku ngapi? Na mukiulize kwa mwalimu, musiulize roho yenu, sababu roho ya mama inasahau kuhesabu.

SABABU ZINAZOTUKOSESHA, NA LA KUFANYA

Maji. Hapa Cimpunda hatuna haja ya kudanganyana. Robine inatoa maji siku ingine, siku ingine hapana. Yakitoka usiku, munaamuka usiku. Yakitoka saa moja asubui, mutoto anapewa bidoni, anasimama kwenye mustari, na anafika ku masomo saa tatu na miguu yenye matope, kama anafika. Sitawaambia muache kuteka maji. Nasema hivi: maji ya asubui yatekwe mangaribi, kama yanapatikana. Bidoni isiwe kazi ya mutoto wa kalasi ya kwanza na ya pili. Na bwana wa nyumba, na kijana mukubwa, nao wana mikono. Bidoni haiulize kama ni mwanaume ao mwanamuke anayeibeba.

Kulea mudogo. Ndilo neno lililonikamata mimi. Ninyi munajua likirimba: kila mutu anatoa feza kidogo, leo anakamata huyu, juma ingine anakamata yule. Mbona tusifanye likirimba ya kulea watoto? Wamama 3 ao 4 wanaokaa pamoja na kujuana. Siku yako ya kwenda ku soko la Kadutu, jirani anabaki na wadogo. Siku yake, unabaki wewe. Binti wa miaka 8 anaenda kusoma. Tena iko salama zaidi. Hapa hospitalini tunapokea watoto waliomwangikiwa na maji ya moto, waliokunywa petroli, walioanguka ndani ya bonde, na mara nyingi wakati mama alikuwa ku soko, mwenye kuwachunga alikuwa naye mutoto.

Feza. Wenye kuzaliwa zamani wanakumbuka tangu miaka ya 1990, wazazi walianza kulipa prime ya walimu, sababu mishahara ya serikali ilikufa. Ndipo tulizoea kuona watoto wanafukuzwa, wanashuka njiani saa mbili asubui na kaye chini ya mukono. Muikamate vizuri: Katiba ya inchi ya tarehe 18 mwezi wa pili 2006, katika artikulo ya 43, inasema masomo ya musingi ni ya lazima na ni bure ndani ya masomo ya serikali. Na tangu mwezi wa tisa 2019 ilianza kufuatwa. Najua kuko feza zingine: uniforme, kaye, bike, sabuni, viatu. Lakini musiache mutoto nyumbani kwa haya. Kama uniforme haijakauka, kama kiatu kimepasuka, muende ninyi wenyewe muzungumuze na direkteri. Mutoto peke yake hawezi kujitetea. Mama akisimama mbele ya mulango na kusema kwa upole, mara nyingi neno linatengenezwa.

Mvua. Toka mwezi wa tisa mupaka mwezi wa tano tuko na mvua, na hii ndiyo miezi ya masomo yenyewe. Tukisema kila siku ya mvua mutoto anabaki, hatasoma. Mvua kidogo: mumupatie mufuko wa plastiki kwa kufunika kaye, na watoto waende pamoja, wakubwa wakishika wadogo mukono. Mvua kali, wakati maji yanakimbia ndani ya mabonde na udongo unateremuka: hapo mungoje. Munajua vile udongo wa hapa unavyobeba nyumba na watu. Mutoto achelewe, lakini afike muzima. Saa moja ya kuchelewa haiko siku nzima ya kukosa. Mvua ikipunguka saa tatu, aende saa tatu.

Njaa. Mutoto aliyelala na njaa, akaamuka na njaa, kichwa kinamuuma, tumbo linamuuma, anasema: mama, niko mugonjwa. Mama anasema: basi bakia. Ugonjwa wake ni kikombe cha uji. Uji wa mahindi, soya na mutama, ule munaita masoso, ni chakula kizuri sana. Kama hakuna, bugali ya jana na maharagi ya jana yaliyopashwa moto sana. Kama hakuna, kiazi kimoja ao ndizi moja. Kitu kidogo kiingie mbele ya kutoka. Na mukipata sambaza hata kidogo mangaribi, musisahau kumutilia mutoto ndani ya sahani yake.

AKIUGUA, ABAKI AO AENDE?

Hapa ndipo wamama wengi wananiuliza, na hapa ndipo kazi yetu ya hospitali inaingia. Siku ingine mutoto mugonjwa anatumwa, siku ingine mutoto muzima anabakishwa. Mushike hivi:

Abaki, na muje naye hapa siku ile ile:
1. Akiwa na homa, mwili unawaka. Tutamupima malaria. Ikiwa ni malaria tutamupa dawa ya siku 3. Mumumalizie yote, hata kama siku ya pili anacheza. Homa ikiisha na anakula, arudi ku masomo. Hakuna haja ya kungoja juma nzima.
2. Akihara sana ao akitapika. Mumunyweshe maji ya sukari na chumvi njiani mukija: litre moja ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari, nusu ya kijiko kidogo cha chumvi. Vijiko viwe vya kusawazisha, visijae kupita.
3. Akitoka vipele vyenye homa na macho mekundu. Inaweza kuwa surua. Surua inaambukiza sana. Asirudi mbele ya siku 4 kupita tangu vipele vilipotokea, na mbele ya kupona sawasawa.
4. Akitoka malengelenge usoni, mikononi, ao sehemu za siri. Munajua mpox. Hapa Kivu ya Kusini ilianza kusikilika sana kwa upande wa Kamituga mwaka wa 2023, kisha ikafika hata Bukavu, na tarehe 14 mwezi wa nane 2024 Shirika la Afya la Dunia lilisema ni hatari kwa mataifa yote. Mutoto wa namna hii asiende kati ya wenzake mupaka magamba yote yaanguke na ngozi mupya ije.
5. Akikohoa mupaka anakosa pumzi.

Aende:
1. Akiwa na mafua kidogo, bila homa, na anacheza. Mumupatie kitambaa cha kupanguza pua.
2. Akiwa na kidonda kidogo kilichosafishwa na kufunikwa.
3. Akiwa na upele wa kujikuna, kisha kupata dawa. Mupake dawa kwa watu wote wa nyumba, mufue nguo na mashuka, na kesho yake anaweza kurudi.
4. Akiwa na minyoo. Huyu haiko wa kubaki, ni wa kutibiwa. Minyoo inakula damu na chakula, mutoto anasinzia mu kalasi, na mwalimu anazani ni mvivu. Tangu mwaka mumoja, mutoto apate dawa ya minyoo mara 2 kwa mwaka. Siku zingine dawa hii inatolewa ku masomo, na mutoto aliyebaki nyumbani siku ile anaikosa.

Na mutoto akibaki kwa ugonjwa, mufanye mambo 2. Mutume neno kwa mwalimu, hata kwa mutoto wa jirani. Na mangaribi muombe kaye ya mwenzake, aandike yale waliyoandika. Hata kama wewe mama haujue kusoma, unaweza kukaa karibu yake na kusema: uandike yote, mustari kwa mustari, mimi naangalia. Mutoto anaogopa macho ya mama kushinda macho ya mwalimu.

NENO HILI LIKO LA HOSPITALI

Sasa nilisema mutaniambia kama neno hili ni la hospitali. Nitatoa mufano mumoja kisha nimalize.

Zamani kidogo mama mumoja alikuja na mutoto wa mwaka mumoja mwenye homa. Tukamupa dawa ya maji. Juu ya karatasi tuliandika: kijiko kidogo kimoja, mara 3 kwa siku. Tukamufasiria pia kwa mudomo. Lakini mustari ulikuwa murefu, mutoto alikuwa analia, na mama alikuwa anafikiri wengine aliowaacha nyumbani. Kesho yake alirudi anakimbia. Alikuwa anatoa vijiko 3 mara moja, na kila mara mutoto akilia alirudilia. Asante Mungu, alikuja kwa wakati, na mutoto akapona. Mama yule alikaa pale, karatasi mukononi, akasema: "Niliangalia karatasi usiku muzima, lakini karatasi haikuniambia kitu."

Tulimuuliza kama hakusoma. Akasema alisoma, mupaka kalasi ya pili. Hakuna mutu aliyemuondoa ku masomo. Alikuwa anabaki siku moja moja kwa kulea wadogo wake, mupaka akaona haya ya kurudi, sababu hakusikia tena yale mwalimu anasema.

Wamama, mutoto wa kike anayebeba mudogo wake hapa leo, kesho atakuwa mama na fishi mukononi. Katika inchi nyingi imeonekana wazi: watoto wa mama aliyesoma wanakufa kidogo kushinda watoto wa mama asiyesoma. Haiko sababu ana feza nyingi tu. Ni sababu anasoma karatasi, anajua tarehe ya chanjo, anauliza, na haogope kumujibu muganga. Kwa hiyo siku moja ya binti yako mu kalasi ni dawa ya mujukuu wako ambaye hajazaliwa.

Tena kuko siku ambazo hatuna uwezo juu yake. Mwaka wa 2020, tangu mwezi wa tatu, masomo yalifungwa miezi mingi sababu ya korona, na yakafungwa tena mupaka mwezi wa pili 2021. Mwezi wa pili 2025 vita ilifika mu muji wetu wa Bukavu, masomo yakasimama, na watoto walilala chini ya vitanda. Hakuna mama aliyechagua siku zile. Zilikamatwa kwa nguvu. Ndiyo sababu siku zinazobaki mukononi mwetu zina bei kubwa. Tusizitoe bure sisi wenyewe.

Na sisi wa hospitali tuna kosa letu. Tunawangojesha toka asubui mupaka saa sita, ndiyo maana munakuja na musaidizi. Basi tumesikilizana na wenzangu hivi: tangu leo, mama mwenye watoto 2 wadogo, asiye na mutu wa kumusaidia, asilete mutoto wa masomo. Aje peke yake, atuambie kwa mulango. Mumoja wetu atamusaidia kushika mutoto, na tutamupima kati ya wa kwanza. Na wale mabinti 5 wa leo, mama zao wapite mbele sasa hivi. Wale wanaosoma nyuma ya saa sita watafika kwa wakati. Wale wa asubui, kesho saa moja na nusu wawe kwenye mustari wa masomo. Wengine musikasirike. Kesho kutwa itakuwa zamu yenu.

TUKUMBUKE

1. Kuandikisha mutoto haitoshi. Aende kila siku.
2. Siku moja kwa juma ni karibu miezi 2 kwa mwaka.
3. Mutoto wa miaka 6 anapashwa kuwa kalasi ya kwanza, binti na kijana sawasawa.
4. Kitu kidogo cha kula mbele ya kutoka.
5. Homa, kuhara, vipele vyenye homa: hospitali. Mafua madogo: masomo.
6. Dawa ya minyoo mara 2 kwa mwaka.
7. Likirimba ya kulea wadogo kati ya majirani.
8. Kila mwezi mumuulize mwalimu: mutoto wangu alikosa siku ngapi?

MAULIZO YA KUZUNGUMUZA NYUMBANI

1. Juma lililopita, mutoto wetu alikosa siku ngapi? Sababu gani?
2. Katika nyumba yetu nani anateka maji ya asubui? Nani mwengine anaweza?
3. Jirani gani tunaweza kusaidiana naye kulea wadogo?
4. Kama mutoto alibaki nyuma mu kalasi, tulisema nini mbele yake? Neno lile lilimujenga ao lilimubomoa?

Sasa tupime watoto. Wale mabinti 5, mulete fishi.